Nilipeleka Vespa ya marehemu baba Kaole, nikaambiwa injini si yetu!

Mpenzi msomaji, wiki hii nilipanga kukuletea ile mada ya wanaume wanaoazima viatu vya kutokea. Naomba tuiweke kiporo. Kuna jambo limenikaba kooni tangu mwezi uliopita, na nisipolitoa humu sitapata usingizi. Linahusu pikipiki. Najua dada zangu mshaanza kugeuza ukurasa, lakini tulieni kidogo, mapenzi yamo na ugomvi umo.

Marehemu baba alituachia vitu vitatu vya maana: nyumba ya vyumba vinne Mwananyamala ambayo bati zake zinavuja, redio ya mbao isiyoshika stesheni yoyote, na Vespa. Siyo hizi Vespa mnazoziona kwenye matangazo, hapana. Hii ni Vespa 150 Super, ile yenye tairi ndogo za inchi 8 kama za toroli, na gia unabadilishia kwenye mkono wa kushoto. Rangi yake ilikuwa samawati. Nasema ilikuwa, maana tangu baba afariki miaka mitatu iliyopita, ilisimama koridoni ikigeuka rangi ya chai. Mama aliweka ndoo juu yake. Paka wa jirani alizalia chini yake mara mbili.

Baba alikuwa na kituko kimoja na ile Vespa. Kila asubuhi kabla ya kupiga kiki aliinama, akagonga gonga ule ubavu wa kulia ilipo injini, akauliza: “Mgeni kaamkaje?” Ikiwaka anasema, “Mgeni hajambo.” Ikigoma anasema, “Mgeni leo kanuna.” Sisi watoto tulicheka tu. Tulijua ni utani wa mzee na chuma chake. Hilo neno *mgeni* nalikumbusha sasa kwa sababu lilikuja kunitoa kijasho chembamba ukubwani.

Sasa kaka yangu mkubwa ni bodaboda. Pikipiki siyo yake, kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, mvua inyeshe jua liwake. Akiumwa, hesabu iko pale pale. Akipigwa faini, hesabu iko pale pale. Ana mke na watoto wawili, na ndoto yake ni moja tu, kupata Boxer ya kwake mwenyewe. Kwa hiyo alipoitazama ile Vespa koridoni hakuona kumbukumbu ya baba, aliona tanguliza. Na mimi simlaumu, wala msimlaumu.

Walianza kuja jamaa wa vyuma chakavu. Wakainyanyua, wakaishusha, wakatoa elfu 70. Mama akaingia ndani bila kusema neno, na sisi tunaomjua tukajua jibu ni hapana. Halafu mwaka huu akatokea mteja wa maana, mwenye hoteli ya ufukweni. Eti anataka Vespa ya zamani aiweke mapokezi, wageni wapige nayo picha. Milioni 2! Lakini masharti mawili: iwake, na namba za kwenye kadi zisomeke sawa na namba za kwenye injini na bodi. Kaka akaniambia, “Wewe huna kazi, unaandika andika tu magazetini. Hiyo Vespa tafuta fundi.”

Huna kazi! Nikameza.

Mafundi wa mtaani kwetu waliichungulia wakacheka. Kijana wa siku hizi amezoea Boxer na TVS, ukimletea injini ya kuchanganya petroli na oili kwenye tanki anakuona umetoka makumbusho. Mmoja tu, mtu mzima kidogo, ndiye aliyeniambia: “Binti, hii peleka Kaole. Kule kuna wazee, kila Jumapili wanakutana na mikweche yao. Wakishindwa wale, mpeni paka.”

Basi bwana, Jumapili asubuhi nikakodi kirikuu, Vespa ikafungwa kamba kama mbuzi wa sikukuu, tukaingia barabara ya Bagamoyo. Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, upepo unapuliza, dereva anapiga taarabu. Kabla hujaingia Bagamoyo mjini unakata kulia kufuata Kaole.

Kwa wasiopajua, Kaole ni kijiji cha kusini mwa Bagamoyo, kama kilomita 5 hivi. Kina magofu ya misikiti na makaburi ya tangu karne ya 13, kazi ya mawe ya matumbawe. Zamani ilikuwa bandari, majahazi yanatia nanga. Mikoko ikazidi kuota, maji yakajaa tope, biashara ikahamia Bagamoyo. Kuna mbuyu pale ambao watu wanauzunguka ili waongezewe miaka. Nimewahi kuuzunguka nikiwa kidato cha pili tulipokwenda na shule. Miaka sijui kama iliongezeka, ila mtihani nilifeli.

Wale wazee hawakai magofuni. Wanakaa kijijini chini ya mwembe, nyuma ya nyumba ya mmoja wao, na wala huhitaji kuelekezwa, unafuata harufu ya oili iliyoungua. Niliwakuta sita. Nilitegemea wazee wa kukohoa, lakini walikuwa mchanganyiko. Mwalimu mstaafu mwenye Honda 50, ile ndogo yenye kinga ya plastiki miguuni. Dereva wa zamani wa lori mwenye Yamaha ya magurudumu marefu. Kijana wa umri wangu hivi, fundi wa kuchomelea, mwenye Suzuki A100 aliyorithi kwa babu yake. Mchonga vinyago mwenye BSA Bantam ambayo nusu yake iko kwenye ndoo. Mmoja yeye hana pikipiki, anakuja na bao. Na wa sita ni mzee mwembamba, kofia ya kiua, msuli, mikono myeusi kwa grisi mpaka viwikoni. Nitamwita Babu, maana ndivyo nilivyoishia kumwita.

Nikaamkia wote. Kirikuu ikashusha mzigo. Weee! Hujaona wanaume wazima wanavyoacha bao. Wakaizunguka ile Vespa kama wanakagua mahari. Mmoja anagonga bodi kusikiliza kutu. Mwingine kapiga magoti ananusa tanki. Yule Babu peke yake hakusogea. Alisimama na kitambaa mkononi, akaitazama kwa mbali, halafu akakaa chini kwenye kigoda chake.

Nikadhani ana majivuno.

Kazi ikaanza, na hapa mpenzi msomaji ngoja nikwambie nilichokiona, maana sikutegemea mimi mtoto wa kike mwenye kucha ndefu ningekaa kutwa nzima nikifurahia plagi. Hawa watu hawana haraka! Bodaboda akipeleka chombo kwa fundi anataka dakika 10 arudi kijiweni. Hawa walitumia saa nzima kwenye kabureta peke yake. Petroli iliyokaa humo miaka mitatu ilikuwa imegeuka gundi. Wakaifungua, wakaziba na kuzibua vile vitundu kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, wakapuliza kwa mdomo, wakainua juani wakachungulia kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Kila mtu lazima achungulie. Kila mtu lazima apinge.

Wakahamia kwenye platini. Hiki ni kidude kidogo kinachofunguka na kufunga ili moto uruke kwenye plagi. Ikiwa imefunga sana hakuna cheche, ikifunguka sana injini inakohoa. Nafasi yake ni kama milimita 0.4. Mwalimu ana kipimo chake maalumu kwenye kipochi cha miwani. Dereva wa lori anasema yeye anatumia kadi ya harusi iliyokunjwa. Wakagombana. Wakapima kwa vyote viwili, ikawa sawa, wakagombana tena nani alitangulia kusema.

Na hadithi zao! Mchonga vinyago akaninong'oneza kwamba ile BSA yake ya Kiingereza babu yake ni Mjerumani. Nikadhani ananichota akili. Akaeleza: kabla ya Vita Kuu ya Pili Wajerumani walikuwa na pikipiki ndogo ikiitwa DKW RT 125. Waliposhindwa vita, michoro yake ikachukuliwa kama fidia. Waingereza wakatoa BSA Bantam mwaka 1948, Wamarekani wa Harley wakatoa ya kwao, Warusi ya kwao, na hata Yamaha pikipiki yao ya kwanza kabisa ya mwaka 1955 ilifuata mchoro ule ule. Kwa hiyo dereva wa lori na Yamaha yake na mchonga vinyago na BSA yake ni mtu na binamu yake, na bado wanatukanana kila Jumapili.

Vespa nayo ina ya kwake. Kiwanda cha Piaggio kule Pontedera, Italia, kilikuwa kinatengeneza ndege, kikapigwa mabomu vitani. Vita vikaisha, ndege hazitakiwi tena, watu hawana usafiri. Kazi akapewa mhandisi wa ndege, Corradino D'Ascanio, mtu ambaye pikipiki zenyewe alikuwa hazipendi: zinachafua nguo, mnyororo unarusha oili, kupanda mpaka urushe mguu. Akaunda chombo ambacho injini imefichwa ubavuni, miguu inakaa mbele kama uko kwenye kiti, na mwenye sketi anapanda bila shida. Ikatoka mwaka 1946, jina lake maana yake ni nyigu. Sasa niambie, kama siyo pwani hii, chombo hicho kilitengenezewa nani? Mzee na kanzu yake nyeupe anakwenda Ijumaa bila doa. Bibi na baibui lake anakaa upande. Unguja mpaka leo utaziona kila kona. Na hizi bajaji tunazogombania Mwenge ni mle mle ukooni: Bajaj wa India walianza kwa kutengeneza Vespa kwa leseni, na ile ya miguu mitatu mama yake ni Ape, Vespa ya mizigo ya mwaka 1948. Nyigu na nyuki wake.

Ilipofika saa 8 mchana tukapewa wali na samaki kwa ukarimu wa mke wa Babu. Ndipo Babu akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

“Wewe binti kabila gani?”

“Mnyamwezi, Babu. Baba yangu wa Tabora.”

“Mnh! Nilijua. Mnyamwezi hata akija Bagamoyo lazima abebe mzigo.” Watu wakacheka. Wapwani wa huku na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya pembe, mababu zetu walipokuwa wakishusha mizigo hapa baada ya miezi njiani. Nikamjibu kitani, kwamba sisi tulibeba na ninyi mkakaa mkila madafu. Akatabasamu. Halafu akauliza taratibu:

“Baba yako hajambo?”

“Baba alifariki Babu. Miaka mitatu sasa.”

Kicheko kikakata. Babu akaweka tonge chini. Akanawa mikono pole pole. Akasema, “Amekufa, na sisi watani zake hatukuarifiwa?”

Nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Anamjuaje baba?

Hakujibu. Akamwambia yule kijana wa Suzuki achukue brashi ya waya na petroli, asugue kwenye mkono wa injini, nyuma kule karibu na shokapu. “Hapo pana namba,” akasema. “Inaanza VBC1M. Halafu ngojeni.” Akafumba macho, akataja tarakimu moja moja mpaka ya mwisho, kama mtoto anayesoma madrasa. Kijana akasugua. Mwalimu akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

Ilikuwa ile ile. Tarakimu kwa tarakimu.

Nikatoa kopi ya kadi kwenye pochi, mikono inatetemeka. Namba ya bodi sawa. Namba ya injini, tofauti kabisa. “Injini ni yangu,” Babu akasema, hana hasira, kama mtu anayesema jua linazama. “Bodi ndiyo ya baba yako.”

Mpenzi msomaji, alinieleza mpaka saa 11 jioni, mimi nitakufupishia. Mwanzoni mwa miaka ya 80 baba alikuwa fundi wa majokofu pale Mbegani, kwenye kituo cha uvuvi, jirani tu na Kaole. Yeye na Babu kila mmoja alikuwa na Vespa 150 Super. Nchi ilikuwa hoi, vita vya Kagera vimeisha mwaka 1979 na kilichobaki ni kufunga mikanda. Sabuni foleni, unga foleni, petroli ndiyo usiseme. Jumapili kuanzia saa 8 mchana magari ya watu binafsi yalikuwa marufuku barabarani ili kubana mafuta. Ndiyo maana hawa wazee walianza kukutana Jumapili, Babu anasema: huwezi kwenda popote, basi angalau ufungue kabureta.

Oili ya kuchanganya ikakosekana kabisa. Injini ya Vespa hii inataka sehemu 2 za oili kwa 100, yaani lita 5 za petroli kwa mililita 100 za oili, na oili yenyewe iwe safi. Baba akatia oili chafu iliyomwagwa kwenye gari. Ikanoki njiani, pistoni ikagandana na silinda. Upande wa Babu injini ilikuwa nzima, lakini chumvi ya bahari ilikuwa imeila bodi mpaka miguu inagusa barabara kama kwenye gari la Fred Flintstone (haya maneno ni ya kijana wa Suzuki, siyo ya Babu). Vipuri hakuna. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, hata aliyekuwa nacho alikificha au akakitupa. Basi wakakaa chini ya mwembe huu huu, wakatoa boliti ndefu ya mbele na boliti ya shokapu nyuma, maana injini ya Vespa imeshikwa na hizo mbili tu, wakaitia injini ya Babu kwenye bodi ya baba. Vespa mbili zikawa moja. Zamu wiki kwa wiki.

Walikwenda hivyo miaka mitatu, bila hata siku moja ya kugombana. Mwaka 1986 baba akapata kazi Dar. Akaomba aende nayo mwezi mmoja tu, ahamishe vyombo, airudishe.

Nikauliza, “Hakurudi?”

“Hakurudi.”

“Na wewe hukumfuata?”

Akanyamaza. Mkewe ndiye aliyejibu kutoka mlangoni. Alimfuata, mwaka 1989. Alipanda basi kutwa nzima kwenye barabara ya vumbi, akaulizia mpaka akafika mtaani. Akamkuta baba anatoka kwenye kichochoro na Vespa, mwendo wa konokono, nyuma kakaa mwanamke upande upande, tumbo kubwa, amekumbatia kadi ya kliniki. Babu akajibanza kwenye duka wakapita. Akarudi Kaole. Mkewe akamuuliza, vipi? Akasema, “Zamu yangu bado.”

Lile tumbo, mpenzi msomaji, ni kaka yangu.

Nikampigia mama. Nilimwuliza kitu kimoja tu: kwa nini baba alikuwa anaiita injini mgeni? Simu ikawa kimya nikadhani salio limekata. Mama akasema, “Kwani uko wapi?” Nikamwambia Kaole. Akasema, “Aliniambia kuna mtu anamdai. Kila mwaka anasema mwaka huu naipeleka. Aibu ikazidi kukua, akashindwa.” Nikamwuliza tufanye nini. Akasema, “Wewe ndiye uliyeko huko.”

Jua linazama, dereva wa kirikuu anapiga honi anataka hela yake ya kurudi. Kichwani nina milioni 2 za kaka. Mbele yangu kuna mzee ambaye hajanidai hata senti. Na Vespa yenyewe, usisahau, ilikuwa haijawashwa! Mwalimu akasema, kwanza tuisikie. Wakatia lita moja ya mchanganyiko. Babu akainuka, akafunga msuli vizuri, akaweka mguu kwenye kiki. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, ikapiga chafya. Ya tatu ikawaka, moshi wa samawati ukajaa mwembe mzima, kuku wakakimbia, na mimi bila kujijua nikasema kwa sauti: “Mgeni hajambo.”

Babu akaizunguka nayo kijiji. Taa haina, namba yake ni zile za kizamani za TZ, trafiki wa Kaole ni mbuzi. Aliporudi alikuwa na vumbi mashavuni, na vumbi lile lilikuwa na michirizi.

Nikaiacha. Nikarudi Dar mikono mitupu.

Kaka hakunipiga kwa sababu ya mama tu. Alinitukana matusi ambayo mhariri wangu hawezi kuyatoa. Alisema nimegawa Boxer yake kwa mzee wa hadithi. Alisema, na hili ndilo lililoniuma, “Wewe una ujinga wa kulilia chuma kwa sababu hujawahi kupeleka hesabu.” Ni kweli. Sijawahi.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana nilidhani yameishia hapo. Jumapili ya pili nilikwenda kwa daladala, nikakuta pale chini ya mwembe kuna kitu kwenye gunia. Babu alikuwa ameitunza injini ya baba! Ile iliyonoki. Miaka karibu 40 chini ya kitanda, imefungwa gunia, imepakwa grisi, na namba yake ni ile ya kwenye kadi. Akasema, “Kila mtu na chake.”

Waliiloweka kwa dizeli wiki nzima, wakaigonga pistoni kwa kipande cha mbao pole pole mpaka ikaachia. Silinda ilikuwa imekwaruzika vibaya. Mimi ndiye niliyeipeleka Gerezani kuchongwa, kwa hela yangu ya makala mbili, mniombee. Pistoni ya saizi ya juu ikaletwa kutoka Unguja na jamaa wa mwalimu. Gasketi wakakata wenyewe kwa mkasi kutoka kwenye boksi. Jumapili mbili baadaye Vespa ya baba ikawa na injini ya baba kwa mara ya kwanza tangu kabla sijazaliwa. Ikawaka kwa kiki ya tano. Haina mlio wa yule mgeni, hii sauti yake ni nzito kidogo.

Ya Babu ameifunga kwenye stendi ya mbao aliyochomewa boliti na kijana wa Suzuki. Hana bodi ya kuitia. Jumapili ikifika anaiwasha dakika 5, anaisikiliza mkono uko kiunoni, anaizima. Wenzake wanamtafutia bodi. Amesema hana haraka.

Kwa hiyo hapa ndipo nilipokwama. Kadi, bodi na injini, vyote vinasoma sawa. Masharti ya mwenye hoteli yametimia kuliko alivyoomba, na juzi kampigia kaka kuulizia. Kaka hajui kama injini ya baba imepatikana. Sijamwambia. Mama anajua, lakini kanyamaza, ananitazama tu nikitoka Jumapili na khanga ya kujifunga kichwani.

Silinda iliyochongwa haitaki fujo, wazee wamesema kilomita 500 za mwanzo niiendeshe kwa adabu, nisivute mafuta hovyo. Nimejifunza gia kwenye njia ya magofuni, nimeanguka mara mbili, kucha sina tena. Mpaka Jumapili iliyopita nilikuwa nimefikisha kilomita 212.

Kaka, najua gazeti hili huwa linapita pale kijiweni kwenu, na najua mnaanzia ukurasa wa michezo. Kama umefika huku, sina cha kukuficha tena. Vespa inawaka. Mwambie tajiri hesabu ya Jumapili nitailipa mimi, njoo Kaole saa 4 asubuhi, uje na kadi halisi. Kuna mzee anataka kukuona, anasema mara ya mwisho mlipokutana ulikuwa tumboni. Uiendeshe mara moja kwanza, halafu huyo mwenye hoteli utampigia wewe mwenyewe.